Mchapaji wa Kimemi

Mchapaji wa pale Kimemi hana haraka. Hupiga kwa vidole viwili tu, na ukurasa ukitoka kwenye mashine huupuliza kana kwamba una vumbi, kisha huusoma tena, midomo ikicheza bila sauti. Maliro alikuwa amefika hadi mji wa Beni akitafuta mtu wa kujenga naye ufalme wake wa kubuni, mchezo wa simu usio na picha, wa maandishi tu. Wote aliowaonyesha walimsifu, hakuna aliyemuuliza swali. Huyu mchapaji yeye alimletea karatasi azichape tu, basi. Siku ya tatu vile vidole viwili vikasimama hewani.

"Dada, mulinzi wa daraja alikufa mu paje ya tisa. Sasa hapa anasalimia nani?"

Maliro akaukumbuka ukurasa huo, akaona haya, akasema atamfuta mlinzi.

"Hapana, usimufute. Lakini mutu anakufa, na kijiji kizima hakuna hata mumoja anaenda kwa kilio?" Akavuta droo, akatoa daftari: wanakijiji wote kwa majina, nani jirani wa nani, nani huchota maji wapi. "Huyu alikuwa na bibi, sasa ni mujane. Niko namungojea tangu paje ya tisa, na haukumuandika. Vuta kiti, tuanzie kwake."