Utepe wa Tovuti na Ufunguo wa Shingoni

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana pale Githongo hii habari wanaijua hata wapita njia: mimi, mwenyekiti wa chama cha kahawa, mtu niliyeacha shule nikiwa bado nasoma kwa kidole na bado nikajenga nyumba ya mawe, niliaibika mbele ya mkutano mzima kwa sababu ya jina la tovuti. Si ulevi, si mwanamke. Tovuti!

Chama chetu kilikuwa kimechoka na madalali, tukapata mnunuzi wa kutununulia moja kwa moja, Bwana Hassan, mfanyabiashara wa Makutano (mtu mpole, haongei sana, anakunywa chai bila sukari, sijui inateremkaje). Akasema wateja wake wa ng'ambo hawagusi kahawa ya chama wasichoweza kukiona kwa intaneti, kwa hivyo angekuja Githongo aione tovuti yetu, na ikifika saa sita aende Embu, kwa sababu kuna chama kingine huko kilikuwa kinamngoja. Mnaona hapo? Akiondoka bila kuona kitu, kahawa yetu inarudi kwa madalali.

Kazi ya tovuti tulimpa Kendi, binti wa jirani yangu, amesomea hayo mambo ya kompyuta. Lakini kwetu kitu cha jamii hakifunguliwi ovyo. Kinafunguliwa kwa hema, maombi na utepe, na mkubwa ndiye wa kwanza kukigusa. Hata tangi la maji tulipolijenga hakuna aliyeteka hata kikombe kabla sijafungua mfereji. Basi nikamwambia Kendi jina la tovuti asiliunganishe mpaka asubuhi ya sherehe, na mtu yeyote asichungulie.

"Mwenyekiti, hivi vitu tunavijaribu mapema," akasema.

"Kendi, mimi nimefungua tangi, nimefungua cattle dip ya kuogeshea ng'ombe, nimefungua choo cha soko. Wewe ndiye utanifundisha kufungua?"

Akasema sawa, ataliunganisha saa tatu asubuhi akiwa kwao.

Sasa asubuhi hiyo nikafika ofisini kabla ya watu wote. Laptopu iko pale mezani inangoja utepe, na mimi nikajiambia mzee hawezi kuonekana akitafuta herufi kama kuku anatafuta punje mbele ya wageni, wacha nifanye mazoezi kidogo tu. Nikaandika jina. Ikajibu tovuti haipatikani. Nilijua ni kwa sababu Kendi bado, lakini kidole kikishazoea kitu hakiachi, nikaandika tena, na tena, mpaka nikawa naandika bila kuangalia (niliona fahari, sitawadanganya). Nikafunga laptopu, nikaizungushia utepe, nikafunga mlango, ufunguo nikautundika shingoni.

Watu wakajaa. Mchungaji akaomba mpaka chai ikapoa. Bwana Hassan amekaa mbele, na laptopu nimeitoa mwenyewe mpaka hemani, imeunganishwa na ile mashine ya kumulika picha kwa shuka jeupe, ili hata aliyekaa nyuma aone. Nikakata utepe. Nikaandika jina harakaharaka, watu wakapiga makofi kuona nilivyo mwepesi.

Shuka likasema: tovuti haipatikani. Chini yake Kiingereza, na herufi tatu, DNS.

Nikacheka kidogo, nikaandika tena. Vilevile. Nikawaambia wote waliokuwa kwa waifai ya ofisi wajaribu kwa simu zao. Vilevile! Kendi akainuka, "Mwenyekiti, nipe niangalie," nikamwambia kaa chini, hii ni ya mwenyekiti. Nikazima mashine ya intaneti, nikaiwasha. Nikaigeuza iangalie mlima. Nikapandisha mtu kwa bati anyooshe antena, kumbe ile antena ilikuwa ya televisheni. Mwishowe nikapigia watu wa intaneti, na kwa hasira nikasahau maikrofoni iko mkononi na spika zinasikika mpaka kwenye vitanda vya kukaushia kahawa.

"Baba, intaneti yako iko sawa," msichana wa simu akasema. "Hebu fungua tovuti nyingine."

Nikafungua ya habari. Ikafunguka, picha na kila kitu.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikasema kwa maikrofoni: "Kama zingine zinafunguka na yetu haifunguki, basi yetu imeibwa. Na ni watu wa Embu!"

Kanana, katibu wetu, akanivuta koti. "Baba Mutwiri, nyamaza. Mke wa Bwana Hassan ni wa Embu."

Nikaangalia saa. Ilikuwa inakaribia sita. Hapo ndipo nilimwachia Kendi kiti.

Akabonyeza mara mbili tatu, akauliza watu wote: "Nani alifungua hili jina kwa hii laptopu leo kabla ya saa tatu?"

"Hakuna!" nikasema.

"Kuna mtu, Mwenyekiti. Kompyuta haijui majina, inaenda kuulizia namba ya hilo jina. Ikiambiwa jina kama hilo hakuna, inaliweka hilo jibu kwa kichwa kwa muda, na mashine za hao watu wa intaneti pia zinaliweka, hata ukizima yetu. Hata jina likishakuwepo, hizi zetu bado zinasema hakuna. Mtu aliuliza mapema."

"Haiwezekani," nikasema kwa maikrofoni, na kwa nguvu. "Ofisi imefungwa tangu jana. Ufunguo ni mmoja, na uko hapa!"

Nikauinua juu ili kila mtu auone, kamba bado iko shingoni.

Mama mmoja wa nyuma ndiye alianza kucheka. Halafu hema lote. Hata mchungaji alifunika uso kwa Biblia.

Kendi hakucheka (namshukuru mpaka leo). Alifuta hiyo kumbukumbu ya laptopu, akaiunga kwa bando ya simu yake badala ya waifai, akaandika jina. Tovuti ikajaa shuka: mashamba yetu, mitambo yetu, na picha yangu kubwa, chini imeandikwa "Mwenyekiti anayesikiliza wakulima." Wakaanza kucheka upya.

Bwana Hassan akasimama, akafunga koti. "Mzee, mimi situmii waifai yenu. Nimeisoma kwa simu yangu tangu ukiwa unageuza ile mashine. Nilikuwa nangoja umalize."

"Na Embu?" nikauliza.

"Embu nitaenda kusalimia wakwe. Kahawa yenu nitachukua. Lakini namba ya simu ya mwenyekiti itolewe pale kwa tovuti, iwekwe ya Kanana. Wateja wangu wakipiga simu, nataka washikiwe na mtu anayesikiliza."

Nikasimama wima, nikakubali kana kwamba wazo ni langu. Namba ikabadilishwa hapo hapo, kwa shuka, kila mtu akiangalia.

Madalali tumeachana nao, na hiyo ni kazi yangu, sitaki mtu anibishie. Na bado ni mimi nitakata utepe wa kitu chochote kitakachojengwa Githongo. Lakini ufunguo sasa unakaa na Kanana, na mimi mwenyewe nimeapa: Kendi akisema bado, hata jina langu sitaliandika.