Kengele Mbili

Juzi nilipanda basi jekundu la ghorofa kwenye jumba la makumbusho, na ile harufu ya ngozi kuukuu na dizeli ikanisimamisha mlangoni.

Nilipokuwa msichana mdogo, mzee mmoja Mzungu alikuwa na basi kama hilo kwenye banda lake huko Burnsville, Marekani, tulikohamia; alikuwa amelileta kutoka Uingereza. Baba aliwahi kuendesha basi la aina hiyo Nairobi. Huku Marekani aliogesha wagonjwa hospitalini, na siku zake za off tulikwenda kumsaidia mzee kusugua kutu.

Siku moja ya theluji, baba akiwa bado na sare ya hospitali, alipanda kwenye kiti cha dereva, akanigeukia.

"Mami, wewe ndiye konda. Nipigie kengele mbili tuondoke."

Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba basi lenyewe halina injini.

"Najua. We piga tu."

Sikupiga. Alikaa kitambo ameshika usukani, akitazama ukuta wa mabati, kisha akashuka akaendelea kusugua.

Juzi, kwenye lile basi la makumbusho, nilivuta kamba ya kengele mara mbili. Kengele ikalia vizuri kabisa. Kwenye kiti cha dereva hapakuwa na mtu, lakini nilisimama pale pale, nikisubiri tuondoke.