Udi wa Mwalimu

Wiki iliyopita nilirudi Mji Mkongwe, nikapanda ngazi za nyumba ya bibi yangu. Siku hizi ni nyumba ya wageni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa wikio, lile daraja lenye paa lililovuka juu ya kichochoro hadi nyumba ya pili. Umezibwa kwa saruji, ila fremu ni ile ile, na matundu ya misumari bado yapo.

Nilipovunja ungo, babu aliniweka ndani. Miaka ile ya hamsini ndivyo ilivyokuwa kwetu, usidhani nalalamika. Au basi nilalamike kidogo, nani atanizuia sasa? Nilipepeta mchele, nilikuna nazi, nilichungulia dirishani mpaka nikawajua wapita njia kwa kofia zao. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nimeshachoka.

Nyumba ya pili alipanga mwalimu Mwingereza, mwanamke mkongwe aliyewahi kusomesha misheni ya Mbweni. Alikuwa na banjo la marehemu baba yake, la zama za Malkia yule wa karne iliyopita. Jina hilo la banjo sikulijua; kwangu chombo cha nyuzi kilikuwa udi, kama ule wapigao watu wa taarabu. Nikamwambia bibi, "Mwalimu ana udi mzuri, kaniita." Bibi akafahamu udi wa kufukiza, maana watu wa kanisa nao hufukiza.

"Pita kwenye wikio, njiani usikanyage. Na mimi niletee kipande."

Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri nikimuaga: "Bibi, nnakwenda kuchukua udi."

Mwalimu alishika mambo ya kizamani. Nyuzi za utumbo, si za chuma. Kupiga kwa nyama ya vidole, kucha marufuku. Shingo la banjo lilikuwa laini, halina vipingo vya kugawa sauti, sikio ndilo likuoneshe pa kubana. Kwa nyimbo fulani aliupandisha kidogo uzi mnene, na banjo zima likageuka sauti. Uzi wa tano ulikuwa mfupi, ukianzia katikati ya shingo. Ule haubanwi, hupigwa kwa gumba tu, sauti ile ile moja wimbo mzima. Niliuonea huruma, nikaupenda kuliko wenzake.

Masika yakaja, ngozi iliyowambwa kwenye tumbo la banjo ikalegea kwa unyevu. Ilitakiwa kukazwa kwa skurubu za pembeni, lakini mimi nilijua ngoma tu. Mwalimu alipokwenda kuchemsha chai, nikalipasha banjo juu ya seredani ya makaa iliyokuwa pale chumbani, kama wafanyavyo wapiga ngoma. Ngozi ikapasuka kwa mlio wa bunduki. Babu alikuwa barazani. Alipanda mbio, akanikuta kwa jirani na banjo mapajani.

Hakunipiga. Aliita seremala, na jua halijatua mlango wa wikio ukapigwa misumari. Mwalimu akagonga upande wa pili. "Si kitu, mtoto wangu! Ngozi inawambwa tena!" Nilitaka kuitika naam, lakini babu alikuwa akinitazama. Mwaka uliofuata mwalimu alirudi kwao.

Usiku ule wa misumari, bibi alinivuta karibu, akaanza kunisuka nywele. "Udi umekwisha, mwanangu," alisema.

Wiki iliyopita, mbele ya mlango ule, ndipo nilipofikiri jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Miezi mitano nilikwenda kuchukua udi, na sikurudi na kipande hata siku moja. Chetezo cha bibi kilikaa kitupu, nyumba hainukii. Na bibi, ambaye naye aliwekwa ndani tangu utotoni, hakuniuliza. Kila alasiri alilifungua komeo la mlango wa wikio kwa mkono wake mwenyewe.