Mwalimu Wangu Ameandika Kuwa Alikaa Chumbani na Mjane Aliye Eda

Mwenye ukurasa, lifiche jina langu. Ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Ng'ambo, nimeolewa Mji Mkongwe. Nasoma shahada ya pili ya historia ya uchumi na nimebakiza kutetea tasnifu tu. Wale wa kumwambia kila mtu "samehe dada", leo nipisheni.

Utafiti wangu ni wa karafuu. Zamani, kabla mashamba hayajataifishwa, wenye mashamba walipata wapi fedha za kuwalipa wachumaji kila msimu? Vitabu vinasema waume walikopa kwa wenye maduka, basi. Mimi nikataka kuwasikia wake zao. Nilizungushwa sana, maana wanawake wale hawazungumzi ovyo, mpaka bibi mmoja wa Malindi ya hapa mjini, nimwite Bi Zuwena, akanikubali. Mara mumewe akafariki. Nikadhani yamekwisha, lakini akaniita mwenyewe nyumbani kwake.

"Njoo mwanangu," alisema. "Nimekaa eda, sina pa kwenda. Utanichangamsha."

Nikakaa naye chumbani kwake. Akanieleza alivyokuwa akiweka rehani vikuku vyake vya dhahabu ili wachumaji walipwe. Akataka jina lake niliandike, kwa sababu vikuku vilikuwa vyake.

Sura hiyo nikampa msimamizi wangu kwenye flashi aisahihishe. Akakaa kimya miezi, kumbe ameipeleka kwenye jarida la Ulaya kwa jina lake peke yake. Hata kuisoma hakujisumbua. Nilipoandika kuwa nilikaa na Bi Zuwena chumbani kwake akiwa eda, yeye akaacha vilevile. Mwanamme wa kando, si maharimu wake, amejitangaza mbele ya ulimwengu kuwa alijifungia na mjane aliye eda.

Jamaa yao anayesoma nje akaituma nakala kwa Nassor, mtoto mkubwa wa Bi Zuwena. Mji huu mnaujua. Sasa Bi Zuwena hata harusini hendi. Nimewaambia majirani kuwa ni mimi niliyekaa naye, wananiuliza mbona karatasini limo jina la mwanamme.

Nikamfuata msimamizi ofisini. Haya hana.

"Bibie, kazi ya mwanafunzi ni kazi ya mwalimu wake. Usinikuzie mambo."

Nikamwambia nitamshitaki chuoni. Akacheka. "Na tasnifu yako ataipitisha nani?"

Mtu huyu nimempa shikamoo miaka mingapi. Namchukia, na sioni vibaya kusema hivyo. Jarida nimeliandikia, likajibu kuwa linasubiri chuo kiamue, na chuo chetu kikianza vikao hakimalizi.

Sasa amepata ujanja mwingine. Ametunga barua ya masahihisho, kwamba alimhoji Bi Zuwena kabla ya kufiwa, sebuleni, mumewe akiwa amekaa nao na kusikia kila neno. Mimi nitie saini kuwa nilikuwa msaidizi wake na nilishuhudia. Nassor naye amemuunga mkono.

"Dada, heshima ya mama yangu kwanza, kisomo chako baadaye," aliniambia. "Wewe ndo ulomleta huyo bwana kwenye maneno yetu. Tia saini, na mama usimwambie kitu."

Nikitia saini, mji utanyamaza na kazi yangu nitakuwa nimemkabidhi mwizi kwa mkono wangu. Nisipotia, bibi wa watu ataendelea kusemwa. Nilikuwa karibu kutia, Wallahi, kwa ajili yake.

Juzi nikaenda kumwamkia. Akaniweka karibu yake.

"Wache waseme, mie nnajijua," alisema. "Nnamshukuru Mungu kitu kimoja tu. Marehemu kaondoka hajui kama vile vikuku alivonivisha mwenyewe siku ya harusi nlikuwa nikiviweka rehani. Angelijua, angelikufa na kinyongo."

Barua ilikuwa mkobani mwangu, ile inayosema mumewe alikuwapo na alisikia kila neno. Kesho Nassor anakuja kuichukua. Ndugu zangu, nipeni shauri: nimpe nini?