Dakika Mbili za Kusalimia Kanisa

Mimi nimechoka na salamu. Sisemi zile za njiani, mtu anakuambia "sasa", unamjibu "poa", kila mmoja anaenda zake. Nasema zile za kanisani, mtu anaitwa mbele asalimie "kwa dakika mbili tu", na akishaishika hiyo maiki utadhani amerithishwa shamba. Bwana asifiwe. Hatujaitikia vizuri, anarudia. Bwana asifiwe tena. Halafu anatueleza yeye ni nani, aliokoka lini, mke wake ni yupi, mke wake asimame atupungie mkono, na watoto wamebaki nyumbani wanasoma. Jameni, nani alimuuliza?

Nimeongoza kikundi cha wasichana katika kanisa letu la mtaa wa Rhonda kwa miaka tisa. Wako ishirini na kitu, mdogo ana miaka kumi, mkubwa kumi na saba. Tunakutana Jumamosi mchana. Wanasoma neno, wanaimba, wanapiga gwaride kwenye uwanja wa kanisa mpaka majirani wanalalamikia ngoma, na wanajifunza kuongea mbele ya watu bila kutafuna kola ya sweta. Mara moja kwa mwaka tunapewa Jumapili nzima iwe yetu. Siku hiyo wasichana ndio wanaopokea watu mlangoni, ndio wanaosoma, ndio wanaoombea wagonjwa, na mmoja wao anatoa ushuhuda mahali pa mahubiri. Kazi ya wazee wa kanisa siku hiyo ni kukaa. Kukaa tu! Na hiyo kazi imewashinda miaka yote tisa.

Mwaka jana ushuhuda ulikuwa wa msichana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, mkimya, wa kukunja maneno mdomoni kabla hajayatoa. Alikuja Rhonda kukaa na shangazi yake kwa sababu ya shule, lakini aliyemlea ni nyanya yake, shosho tunavyosema, huko mashambani Mau Narok. Nilimchagua mimi. Wenzangu wawili tunaosaidiana kuongoza walinitazama kama nimepotoka, maana huyo msichana ukimuuliza swali Jumamosi anakujibu Jumanne. Nikawaambia wampe nafasi, wataona.

Aliniletea kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono. Nilizisoma nikiwa nimesimama jikoni, na chai ikachemka ikamwagika. Aliandika jinsi shosho yake anavyoomba akilima viazi. Kila mstari una mtu wake. Anaanza na wagonjwa, anakuja kwa majirani, hata wale waliogombana naye kwa mpaka, na anaomba kwa sauti, jembe likishuka na jina linatoka. Huyu msichana akiwa mdogo alikuwa akimfuata nyuma akiokota viazi na kungoja kusikia jina lake lilipo. Lilikuwa kwenye mstari wa mwisho, ule mrefu wa karibu na ua. Na aliandika kwamba hajawahi kumwambia shosho asante kwa huo mstari, kwa sababu kwao watu hawaambiani vitu kama hivyo. Alitaka amwambie kanisani, mbele ya watu, ili asiweze kurudi nyuma.

"Teacher, na kama shosho hatakuja?" aliniuliza.

"Atakuja," nikasema. Nikampigia simu mimi mwenyewe.

Shosho alicheka sana kwenye simu. Alisema hajui Rhonda hata ni upande gani, lakini kuna jirani mwenye pikapu ambaye angemletea mteja wake viazi mjini Jumapili hiyo, na angempa lifti. Shida ilikuwa kurudi. Mvua ilikuwa imeanza, na kule kwao lami ikiisha barabara inakuwa uji. Jirani alikuwa amesema wazi: saa sita na nusu anapita kanisani, anapiga honi, anaondoka. Matatu nayo ingemwacha shosho sentani, kule kwenye maduka, na kutoka hapo ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, na goti lake moja halitaki mchezo.

Kwa hivyo niliketi nikapanga programu kama mtu anayepanga arusi. Kuingia kwa gwaride saa tatu. Ushuhuda saa tano kamili. Nikaacha hata zaidi ya saa nzima ya kuchelewa, kwa sababu nawajua watu wetu. Nikampelekea kila mzee nakala yake, na nikapigia mstari chini ya saa tano.

Siku ilianza vizuri, siwezi kusema uongo. Wasichana waliingia na ngoma, soksi nyeupe, mabereti yamenyooka, wale wadogo wakirusha mikono juu kupita kiasi. Shosho alikuwa amefika, leso ya kijani kichwani, amekaa benchi la mwisho karibu na mlango ili asikie honi. Nilienda nikamsalimu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto ataongea kweli? Huyu wetu?" Nikamwambia angoje tu. Alitulia akaweka mkoba mapajani na kumtafuta mjukuu wake kwa macho.

Halafu MC akasema kabla hatujaendelea, tutambue wageni.

Mzee wa kwanza alisalimia kwa niaba ya wazee. Mzee wa pili alisalimia kwa sababu wa kwanza alisahau kusema jambo. Mwenyekiti wa akina mama alisalimia, akawaita akina mama wote wasimame, wakaimba kidogo. Kulikuwa na wageni kutoka kanisa dada la Lanet, watu kumi na wanne, na haki ya nani kila mmoja alitaja jina lake na alivyofurahi kufika. Akaja pia mmoja anayetaka kura, akatuambia hajaja kupiga siasa, akapiga siasa. Ilipofika saa tano na nusu wasichana wangu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya mbele wakitazama viatu vyao, na yule wa ushuhuda alikuwa amezikunja zile karatasi hadi zimekuwa ndogo kama kibiriti.

Nilikuwa nachemka. Nilimfanyia MC ishara, akanijibu kwa tabasamu. Nikamwandikia kikaratasi: USHUHUDA SASA, MTU WAKE ANASAFIRI. Akakisoma, akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, akamwita mzee mwingine. Ai! Kuna siku mtu akiwa kanisani anamwomba Mungu amfunge mikono.

Saa sita na dakika kumi MC akasema, "Sasa kabla ya ushuhuda, hatuwezi kumsahau mama anayewalea hawa wasichana. Mama, njoo usalimie. Dakika mbili tu."

Nilikuwa na mpango. Naapa nilikuwa nao. Ningeshika maiki, niseme Bwana asifiwe mara moja, nimwite msichana, nikae. Hesabu ilikuwa inatosha kabisa. Zile kurasa mbili zilikuwa za dakika nane, tulikuwa tumezipima.

Nikasimama, nikashika maiki. Nikasema Bwana asifiwe. Waliitikia kwa uvivu, watu wamechoka. Nikarudia.

Halafu nikawaambia ukweli. Niliwaambia hii Jumapili ni ya wasichana na sisi wazima tunaila kama nzige. Watu wakacheka. Niliposikia kicheko nikaongeza. Niliwaambia kila mwaka ni hivyo hivyo, tunawafundisha watoto kuongea halafu tunawanyima maiki. Mtu akapiga makofi kule nyuma. Nikamgeukia mzee wa pili nikamwambia, kwa heshima, mzee wangu, wewe ulisalimia hata salamu za mwaka ujao, na kanisa likavunjika mbavu, yeye mwenyewe akafuta machozi. Nikawashukuru walioshona yunifomu. Nikawataja. Nikaona nikitaja wale wa yunifomu nisipotaja wa chai watanuna, nikawataja wa chai. Nilieleza tulikotoka tangu tukiwa wasichana sita chini ya mabati yaliyovuja. Miaka tisa nilikuwa nimeyameza hayo maneno, na siku hiyo yalitoka yote, yalitoka vizuri, na mimi nikayafurahia. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilifurahia.

Honi ililia. Siwezi kusema sikuisikia. Ililia mara moja, ndefu, na mimi nilikuwa katikati ya sentensi, nikajiambia wacha nimalize hii. Ikalia mara ya pili. Nilikuwa nimewageukia wazee, mgongo kwa upande wa mlango, na nilimaliza ile sentensi na nyingine baada yake. Nilipogeuka kumwita msichana, benchi la mwisho lilikuwa na nafasi kwenye kona, na mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika thelathini na tatu.

Msichana alikuja mbele. Alitembea polepole, jinsi tulivyofanya mazoezi, mabega nyuma. Nilimpa maiki na sikuweza kumtazama machoni. Akazikunjua zile karatasi, mkunjo baada ya mkunjo, akazilaza juu ya mimbari akazipitishia kiganja kuzinyoosha. Kanisa zima likawa kimya, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Bwana asifiwe," akasema. Sauti ilikuwa safi, haikutetemeka hata kidogo. "Maneno yangu niliyaandika yasikiwe na mtu mmoja. Ameshaenda. Sasa tusimame tuombe."

Akaomba. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea majirani, akawaombea walio safarini barabara ikiwa mbaya. Haikufika dakika moja. Watu wakasema amina kwa nguvu, kwa furaha ya watu walioona chakula kimekaribia. Yule mzee wa kwanza akarudi kwenye maiki, nani alimwita sijui, akasema tumpigie makofi huyu binti, yeye ndiye mtu pekee leo aliyeheshimu saa, na sisi wakubwa tujifunze kwake. Watu wakapiga makofi. Wengine walinitazama wakitabasamu, kana kwamba hotuba yangu ndiyo iliyozaa matunda.

Nilimpata nje baadaye, nyuma ya jiko la akina mama, amekaa juu ya kreti ya soda, bereti mkononi. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Nilimwambia nisamehe. Nilimwambia tutampigia shosho simu, utamsomea. Nikamwambia tutapanda Mau Narok, mimi na wewe, Jumamosi inayokuja, nitalipa nauli. Nilisema mambo mengi tena, naona huo ndio ugonjwa wangu.

Alingoja nimalize. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Teacher," akasema, "shosho aliniangalia akitoka. Alikuwa ananionyesha na mkono nianze, nianze tu. Sasa mimi ningeanza aje na ni wewe ulikuwa unaongea?"

Akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama mtoto anayetaka kujua kweli:

"Ulikuwa unasema nini muda huo wote?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilitafuta hata neno moja ambalo lilistahili kusemwa siku hiyo badala ya lake, na nikiwa nimesimama hapo mvuani sikulipata.