Kipa wa Faroe Mwenye Mama Kibara

Saa kumi na moja jioni, Jumapili ya Oktoba, na mitumbwi ya dagaa bado imelala mchangani Kibara, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ni wiki ya kiza, mwezi hautoki, na saa kama hii kila mvuvi mwenye akili zake huwa amekwishajaza mafuta na kufunga taa. Leo hakuna aliyegusa hata kamba.

Wako wote ndani ya banda la mabati la Gibson Burito. Waliokosa benchi wamekalia ndoo, waliokosa ndoo wamekaliana.

Mbele kuna televisheni yenye ufa pembeni, imeunganishwa na simu kwa waya. Kando yake amesimama Gibson mwenyewe, miaka arobaini na mmoja, taulo shingoni, kipaza sauti mkononi. Anakohoa mara mbili. Banda linanyamaza.

"Wapendwa, tuko kaskazini ya dunia, mahali ambapo Mungu alimaliza kuumba akasahau kufunga dirisha. Upepo huo! Kuna kondoo amepita juu ya goli sasa hivi. Mshika kibendera ameinua mkono, kondoo kaotea!"

"Kondoo wa nani?" anauliza Gody, nahodha wa mtumbwi, kutoka nyuma.

"Wa mama mkwe wako. Nyamaza, mpira unaanza."

Ni siku ya mwisho ya ligi kuu ya Visiwa vya Faroe, nchi ndogo huko Ulaya ambayo watu wake wote, ukiwakusanya na watoto wa mgongoni, hawajazi nusu ya Musoma mjini. Timu ni kumi. Huanza kucheza Machi na kumaliza Oktoba, maana baada ya hapo baridi na giza havina mzaha.

Kibara wanashabikia Nordvik, timu ya kijiji cha wavuvi. Leo Nordvik wanahitaji sare tu ili wasishuke daraja.

Gibson hakuzaliwa mtangazaji. Alikulia Bweri, Musoma, na likizo zote alipelekwa Butiama kwa babu yake kuchunga. Huko ndiko sauti ilikotokea. Wapo Butiama wanaoapa kuwa ng'ombe wa babu yake waliwahi kuibwa usiku, asubuhi Gibson akapanda juu ya jiwe akawaita kwa majina, na kufikia mchana walikuwa wamerudi wenyewe, pamoja na wawili wa yule mwizi.

Sauti hiyo ilimpeleka stendi ya Bunda, akawa mpiga debe. Baadaye akarekodi matangazo ya sumu ya panya, yale yanayozunguka sokoni kwenye baiskeli. Akiba yake ikampatia televisheni ya mtumba pale Nyakato, akahamia Kibara na mkewe, Agness, kufungua banda la mpira.

"Ligi ya Uingereza inalipa," anasema. "Mechi kubwa napata mpaka elfu ishirini. Shida ni Mei. Ligi inafungwa, na mimi nafungwa. Nilikuwaga nakaa na televisheni yangu tunaangaliana."

"Nikamwambia auze tununue mbuzi," anasema Agness. "Mbuzi angalau analia, unajua yupo."

Ilikuwa Juni ya mwaka juzi, akipekua simu, alipokutana na watu wanacheza mpira kwenye mvua, bure, na nyuma ya goli hakuna jukwaa, kuna mlima. Lugha hakuelewa hata neno. Akazima sauti yao, akachukua kipaza sauti, akaweka ya kwake.

Wavuvi walicheka. Lakini ilikuwa wiki ya mbalamwezi, mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na mvuvi asiye na kazi huangalia chochote. Ndipo Gibson akapitisha ukurasa wa timu kwenye kile kitu cha simu kinachotafsiri, akagundua kuwa wachezaji wengi wana kazi zao za mchana. Beki wa kushoto ni seremala. Winga anavua na baba yake.

"Kumbe ni wenzetu!" Gody alisema siku ile. Ikawa imekwisha. Kibara ikapata timu.

Mechi ya Faroe haimwingizii Gibson zaidi ya elfu sita, tena nusu yake inamezwa na bando. Kinamama wanaoanika dagaa hulipa kwa kopo la dagaa. Mmoja wao hukaa benchi la kwanza, mahali pale pale, na hakuna mwanamume Kibara mwenye ubavu wa kupakalia.

Jina lake ni Marieta. Ana miaka sitini na tisa na ameanika dagaa tangu akiwa msichana. Mpira hakuupenda, mpaka siku aliyofuata kivuli bandani akamwona kipa wa Nordvik.

Kijana yule jina lake limejaa vitone na mikia, kwa hiyo Kibara walimbatiza upya: Yohana. Mchana anafanya kazi kiwanda cha samaki. Kabla ya kila kona hujifuta viganja kwenye bukta, kulia, kushoto, kulia tena.

"Nikasema huyu mtoto katoka kazini sasa hivi," anasimulia Marieta, mikono ikiendelea kutandaza dagaa kwenye chanja. "Mikono ya samaki haikauki. Unajifuta, unajifuta, bado inateleza. Wenzake wanamgombeza mpira ukimponyoka. Mimi nawaambia, mwacheni, amechoka!"

Ana watoto wanne, wote Mwanza, wote wazima, wote wana simu.

"Wale nawaonaga Krismasi, tena Krismasi yenye nauli," anasema. "Huyu namwona kila Jumapili."

Yohana akifungwa, Marieta hali usiku. Mwezi wa Agosti Nordvik walipofungwa tano, Agness alimpelekea uji nyumbani, akakataa. Aliuliza tu: "Kwao kuna mtu wa kumpa uji?"

Hapo ndipo ilipo shida ya siku hii ya Oktoba. Timu mbili za mwisho hushuka, na ligi ya chini haionyeshwi kwenye mtandao ule wa bure. Nordvik wakishuka, Marieta hatamwona tena kijana wake. Banda zima linajua. Ndiyo maana mitumbwi imelala.

Mechi inakwenda kama Gibson anavyotaka iende. Nordvik wanatangulia. Wanarudishiwa. Moja kwa moja. Dakika ya themanini na nane bado moja kwa moja, na Gody amevua kofia anaitafuna.

Kisha beki seremala anamkwatua mtu ndani ya boksi.

"Aaaah, fundi!" Gody anapiga kelele. "Kapigilie misumari kwenu!"

Penalti. Upepo ni mkali kiasi kwamba mpira haukai kwenye alama. Inabidi mchezaji mmoja wa timu pinzani alale chini aushike kwa kidole ili mwenzake aupige. Hili si la Gibson, hili banda zima linaliona kwa macho yake.

Yohana anajifuta mikono. Marieta naye anajifuta kwenye kitenge.

Mpigaji anarudi nyuma. Anaanza kukimbia.

Picha inaganda.

Kale kaduara kanaanza kuzunguka katikati ya skrini, juu ya tumbo la Yohana. Gibson anatazama simu. Mtandao hakuna hata kijiti. Nje, ziwani, wingu limepanda jeusi na mnara wa simu labda umeshalisikia.

Mpigaji ana mguu mmoja hewani. Kaduara kanazunguka.

"Gibi," anasema Marieta, taratibu. "Sema basi."

Gibson amesimulia mechi ngapi hajui, na anasema hakuwahi kuhisi kipaza sauti kizito kama siku ile. "Niliangalia picha, nikamwangalia mama. Mdomo ukaenda wenyewe."

"Anakwendaaa," akaanza, chini chini. "Anakwenda, anautazama mpira, anamtazama kipa, kipa hamtazami yeye, kipa anatazama kidole cha yule aliyelala. Anapiga! Kulia! Yohana anaruka kama sangara aliyeguswa na jua... Yohanaaa! Amedaka! Amedaka, ameukumbatia, amekataa kuurudisha, mwamuzi anamwomba, anasema huu nampelekea mama!"

Banda likapasuka. Ndoo zikapinduka, Gody akambusu mtu ambaye hawasalimiani tangu Pasaka. Kinamama wakapiga vigelegele mpaka mvua ikasita. Wanaume wakatoka wakikimbia wanaimba, wakasukuma mitumbwi majini kwa fujo, na wapo wanaodai usiku ule dagaa waliruka wenyewe ndani, hakuna aliyetumia wavu.

Gibson alibaki na benchi tupu. Mtandao ulirudi baada ya mvua. Akafungua matokeo huku Agness akimwangalia usoni.

Nordvik moja, wageni mbili. Wameshuka.

"Mume wangu alikaa kwenye benchi la kwanza kama mgonjwa," anasema Agness. "Nikamwambia kesho utakwenda wewe kumwambia mama Marieta, usinitume mimi."

Asubuhi alikwenda. Njiani akakutana na Gody akishusha dagaa. Akaona aanzie hapo, apime maji.

"Gody, ile penalti ya jana..."

"Ilikuwa goli," akasema Gody, hakuinua hata kichwa. "Sisi vipofu? Televisheni si ilikuwa imeganda?"

"Sasa zile shangwe?"

"Ungetaka tuende ziwani usiku kucha na penalti tumboni? Ulitupa kitu cha kuondokea, tukaondoka nacho. Shika hapa, nisaidie ndoo."

Marieta alikuwa kwenye chanja. Naye hakungoja salamu zimalizike.

"Nimeona sura yako, mwanangu. Wameshuka."

"Wameshuka, mama. Nisamehe kwa ya jana."

"Aliumia?"

"Hakuumia."

"Alilia?"

"Sijui, mama. Sikumwona."

Marieta akatandaza dagaa mpaka mwisho wa chanja, akarudi upande huu. Gibson anasema alisimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Huko chini walikokwenda," Marieta akauliza, "bado atakuwa golini?"

"Atakuwepo. Ila hawaonyeshi. Simu inaleta dakika na magoli tu, maandishi. Picha hakuna."

"Na jana picha ilikuwepo?"

Gibson akashika ukingo wa chanja.

"Jana sikuona kitu, nilimwona," akasema Marieta. "Alivyoruka nilimwona. Basi utaniambia hivyo hivyo. Lakini tuelewane, Gibi. Magoli usinidanganye. Akifungwa, kafungwa, nijue nimwombee. Mengine yote sema unavyojua wewe."

Huo ndio mpango wa Gibson Burito kwa mwaka ujao. Machi, ligi ya daraja la pili ya Faroe ikianza, atafungua banda Jumapili na kuifunika televisheni kwa kitenge. Simu itamletea dakika na magoli. Upepo, mlima, kondoo na mikono ya Yohana atavileta mwenyewe. Ameshaambiwa na wavuvi kuwa watakuja, ila hawalipi bei ya picha. Amekubali nusu. Gody anataka robo, mazungumzo yanaendelea.

"Nina hofu," Gibson anakiri. "Kwenye picha nikikosea naokolewa na picha. Sasa nitakuwa mwenyewe. Lakini Nordvik wakipanda tena, nataka mama awe hajapotezana naye hata wiki moja."

Machi iko mbali, na Marieta si mtu wa kungoja Machi. Ni Jumapili ya Novemba, ligi imekwisha, banda ni tupu. Anaingia na kopo lake la dagaa, anakaa benchi la kwanza, anaweka kitenge vizuri magotini.

"Haya. Leo yuko wapi?"

Gibson anatazama huku na huku. Anachukua kipaza sauti.

"Leo, wapendwa, leo mama mpendwa, kiwanda kimefungwa mapema. Yohana amekwenda kwa shangazi yake, upepo unamsukuma mgongoni, hata hachoki. Amekaribishwa ndani. Ameketi. Mezani kuna samaki, na kuna ugali wa muhogo..."

"Gibi. Huko muhogo hauoti."

"Viazi, mama. Kuna viazi."

"Viazi sawa," anasema Marieta. "Amekula vingapi?"