Mashavu ya Sangara

Kila nikisikia harufu ya mapanki yakikaangwa, hutoka nje. Kwetu Pasiansi tulikula sana hayo mabaki ya sangara, maana minofu ilibaki kiwandani. Nyama nzuri ilikuwa mashavuni, na mimi na dada tuliigombania kila jioni.

Siku moja akanisukumia mashavu yote. "Kula, mdogo wangu."

Mjinga mimi, nikajua ananipenda. Ikawa hivyo kila siku, naye akijiziba pua kwa khanga.

Jioni moja mama akamtazama, akarudisha tonge kwenye sahani. "Wewe mtoto, hiyo mimba ya nani?"

Dada, niliyelala naye kitanda kimoja, aliyeniapia kwamba hatutafichana kitu, hakukataa.

Shavu lilikuwa bado mdomoni mwangu. Nikalitema.